Anza na Kazi, Ndipo Uitafute Molekuli: Mwongozo kwa Anayeutaka Uhandisi wa Molekuli

Ukipita kwenye shule za msingi za miteremko ya Mlima Meru, utawaona watoto wanaocheka huku wameziba mdomo kwa kiganja. Meno yao yana madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki wala kwa unga wa mkaa. Ni kazi ya maji. Miamba ya volkano ya ukanda ule ina floridi nyingi, chemchemi na visima huibeba, na mtoto anayeyanywa maji hayo wakati meno ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi huota meno ambayo gamba lake la nje halikukaza vizuri. Lina vitundu vinavyonyonya rangi. Floridi ikizidi sana kwa miaka mingi huingia mifupani, mgongo ukakakamaa, miguu ikapinda. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Zipo chemchemi za Meru zinazokipita kiwango hicho mara kadhaa.

Naanza hapo kwa sababu kila ninapoulizwa na kijana wa kidato cha sita, au wa mwaka wa kwanza chuoni, huu uhandisi wa molekuli unaingiliwa wapi, jibu langu ni lilelile: uingilie kwenye shida unayoijua kwa macho yako. Habari za idara zitakuja baadaye.

Mkemia anaweza kutumia maisha yake yote akiuliza molekuli hii ni nini na ina tabia gani, na ni kazi ya heshima. Mhandisi wa molekuli huanza upande wa pili. Yeye ana kazi inayotaka kufanyika: kushika floridi, kufikisha dawa ndani ya seli, kutunza umeme wa jua hadi usiku. Akishaijua kazi ndipo anarudi nyuma kuuliza ni molekuli ya umbo gani, yenye chaji gani, iliyopangwa vipi na wenzake, itakayoifanya. Fundi cherehani naye hupima mtu kwanza, kitambaa akakikata baadaye.

Kipimo cha kazi hii ni nanomita. Gawa milimita moja katika vipande milioni. Kipande kimoja ndicho nanomita. Unywele una unene wa nanomita kama 80,000, uzi wa DNA una upana wa nanomita 2, na molekuli ya maji haifiki hata nusu nanomita. Huko chini mambo hayaendi kama yanavyokwenda mezani. Uzito hauna nguvu. Kinachotawala ni chaji, mnato na mtikisiko wa joto usiokoma. Kwa hiyo mhandisi hapangi molekuli moja moja kwa mkono. Huzipa umbo litakalozifanya zijipange zenyewe. Chukua kipande cha sabuni ya mche. Kila molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia na kukimbilia mafuta. Ndani ya beseni hujikusanya zenyewe, mikia ndani, vichwa nje, na uchafu wa mafuta ukanaswa katikati. Vitone vya mafuta vilivyobeba chanjo za mRNA za Uviko-19 vimejengwa kwa tabia hiyohiyo, ila pameongezwa ujanja mmoja: aina mojawapo ya mafuta hayo haina chaji katika damu, na hupata chaji pale inapojikuta kwenye kifuko chenye asidi ndani ya seli. Ndipo kifuko kinapofunguka na ujumbe wa mRNA ukatoka. Kuna watu walikaa wakajaribu mafuta mengi mpaka wakapata yenye tabia hiyo. Huo ndio uhandisi wenyewe.

Jina lake lina umri. Arthur von Hippel wa MIT alilitumia miaka ya 1950. Desemba 1959 Richard Feynman aliwaambia wanafizikia waliokutana Caltech kwamba haoni kanuni ya maumbile inayokataza kupanga vitu atomu kwa atomu. Mwaka 1981 Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, katika maabara ya IBM karibu na Zürich, walitengeneza hadubini inayopapasa uso wa kitu na kuonyesha atomu moja moja. Tuzo ya Nobeli ikawafuata mwaka 1986. Kilichochelewa ni vyuo kuipa fani hii nyumba yake.

Nyumba iliyosikika zaidi ilijengwa Chicago. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa kimekaa zaidi ya karne moja bila kitivo cha uhandisi. Mwaka 2011, kikishirikiana na Maabara ya Taifa ya Argonne iliyo nje kidogo ya jiji, kikaanzisha taasisi ya uhandisi wa molekuli chini ya Matthew Tirrell. Mwaka 2019, kwa msaada wa wakfu wa familia ya Pritzker uliofikia dola milioni 100, taasisi hiyo ikawa shule kamili, ya kwanza Marekani kwa ajili ya fani hii pekee. Angalia jinsi walivyoipanga. Hawakuweka idara ya mitambo hapa na idara ya kemikali pale. Watu wamegawanywa kwa shida wanazozishughulikia: kinga ya mwili, teknolojia ya kwanta, nishati na maji. David Awschalom, mwanafizikia, hutumia kasoro zilizotiwa makusudi ndani ya almasi na fuwele nyingine kutunza taarifa za kwanta. Paul Nealey hutumia polima zinazojipanga zenyewe ili kupata mistari myembamba mno ya kutengenezea chipu za kompyuta. Kwenye vyuo vingi hao wawili wangekuwa majengo tofauti na wasingejuana. Huko Seattle nako, Chuo Kikuu cha Washington kinatoa shahada ya uzamivu kwa jina hilohilo la uhandisi wa molekuli.

Basi usikae ukisubiri chuo cha karibu nawe kianzishe shahada yenye jina hilo kwenye cheti. Wengi waliomo ndani ya fani waliingia kwa mlango wa kemia, fizikia, uhandisi kemikali au biolojia.

Andika kazi kwa sentensi moja

Nunua daftari gumu, na ukurasa wa kwanza uandike sentensi moja tu: nataka kitu kitakachofanya hivi, mahali fulani, bila kuhitaji kitu fulani. Isiwe "nataka kutafiti maji." Iwe, kwa mfano, "nataka kitu kitakachopunguza floridi kwenye ndoo ya lita 20 hadi chini ya miligramu 1.5 kwa lita, bila umeme, kwa gharama anayoimudu mama mwenye genge."

Sasa ishuke hiyo sentensi mpaka ufike kwenye molekuli. Floridi ni ioni ndogo mno yenye chaji moja hasi. Chujio la udongo linalozuia bakteria halina habari nayo. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua sufuriani, floridi inabaki yote, na kila glasi inakuwa nayo zaidi kidogo. Kwa hiyo chekeche haifai, unatakiwa mtego. Uliza tena: ni kitu gani katika maumbile kinachoipenda floridi?

Mfupa. Mfupa na jino vimejengwa kwa madini ya kalsiamu na fosfati yaitwayo hidroksiapataiti. Ndani ya madini hayo mna nafasi zinazokaliwa na ioni za hidroksidi, na floridi ina karibu ukubwa uleule na chaji ileile. Ikipita jirani, hidroksidi hutoka, floridi hukaa, na kuitoa tena si kazi rahisi. Tabia hiyo ndiyo inayomkakamaza mzee mgongo, na ndiyo hiyohiyo iliyogeuzwa kuwa dawa ya maji. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, ikapondwapondwa kuwa chenga, maji yakapitishwa humo taratibu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, na upande wa Nakuru, Kenya, nako imetumika.

Ukipata chenga moja ya mkaa huo wa mifupa, ishike. Ni nyepesi kuliko unavyotarajia, ya kijivu iliyokolea, na ukiigusisha ulimi inanata kama kigae kikavu. Kunata huko ni vitundu vyake vinavyonyonya mate. Na wingi wa vitundu ni wingi wa kuta ambazo floridi inaweza kukaa. Hapo ndipo maamuzi ya kihandisi yanapoanza. Ukichoma kwa joto dogo, mabaki ya nyama na mafuta yanabaki na maji yatanuka. Ukizidisha joto, fuwele hukua na kuungana, vitundu hufa, na uwezo wa kushika floridi hushuka. Kati ya hayo mawili pana upenyo mwembamba, na anayeusimamia ni mtu mwenye kuni na tanuru la matofali. Tena zipo nyumba ambazo hazitakunywa maji yaliyopita kwenye mfupa wa mnyama wasiyemjua ni gani na alichinjwa vipi. Hilo nalo ni sharti la kazi. Liandike kwenye daftari pamoja na joto na bei, tena kabla ya kwenda maabara.

Nimekaa sana kwenye mfano huu kwa sababu ukishaushuka mmoja namna hii, mingine yote utaijua njia. Askwar Hilonga, aliyekulia kijiji cha Gongali, Karatu, alishuka wa kwake katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha: aliunganisha chujio la mchanga na vifaa vya nanomita vinavyochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya kila mahali, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, ya pauni 25,000, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Omar Yaghi alikulia Amman katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, nyumbani kwao hakuna maji ya bomba. Mwaka 2025 yeye, Susumu Kitagawa na Richard Robson walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa fremu za molekuli zenye vyumba vitupu ndani yake. Baadhi ya fremu za Yaghi hunasa mvuke wa maji kutoka kwenye hewa ya jangwani usiku, na kuuachia jua likizipasha moto.

Masomo ya kubeba

Kombi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) inafika, na PCB (yenye biolojia badala ya hisabati) inafika pia, mradi aliyesoma PCB asiikimbie hisabati akiwa chuoni. Utahitaji kalkulasi, matriki na uwezekano, halafu lugha ya kompyuta ya Python, kwa sababu vipimo vyako vitakuwa maelfu na kikokotoo hakitakutosha.

Somo ambalo nakusihi usilikwepe ni termodinamiki. Wanafunzi wengi hulibeba kama mzigo wa mtihani kisha wakalitua nje ya ukumbi. Kumbe ndilo linalojibu maswali mawili utakayoyauliza kila siku: je, jambo hili litatokea lenyewe, na likitokea litafika wapi kabla ya kusimama? Kwa termodinamiki utajua kwa nini kuongeza chenga za mkaa wa mifupa mara mbili hakupunguzi floridi mara mbili. Ukikosa hapo utapoteza miezi ukijaribu kulazimisha kitu ambacho maumbile yamekwisha kukikataa.

Na zoezi moja la nje ya darasa: mweleze muuza maji wa mtaani kwenu jinsi floridi inavyobadilishana nafasi na hidroksidi, kwa Kiswahili, bila neno hata moja la Kiingereza. Utakapokwama ndipo pa kurudi kusoma.

Anza leo, hata bila maabara

Tangu mwaka 1971 kuna hazina ya wazi iitwayo Protein Data Bank, ambamo watafiti wa dunia nzima huweka maumbo ya protini waliyoyapima. Ni bure. Tovuti yake ina kionyeshi kinachofunguka hata kwenye simu. Mwenye kompyuta apakue ChimeraX, ambayo kwa matumizi ya masomo hailipiwi.

Tafuta umbo lenye namba 2HBS. Hiyo ni himoglobini ya mgonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao huna haja ya kuelezwa ukali wake kama umekulia Mwanza, Kisumu au Kampala. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake waliuita ugonjwa wa molekuli, na mwaka 1957 Vernon Ingram akaonyesha kosa ni lipi hasa: katika mnyororo wa beta wenye viungo 146, kiungo cha 6 kimebadilika. Palipokuwa na asidi ya glutamiki pamekaa valini.

Utaona himoglobini mbili zimekaribiana. Zungusha taratibu mpaka uifikie valini ya nafasi ya 6 pale zinapogusana. Imejichomeka kwenye shimo dogo la jirani, kati ya kiungo cha 85 na cha 88. Glutamiki ina chaji na inapenda maji, ingebaki nje. Valini inayakimbia maji kama ule mkia wa sabuni, na himoglobini ikishaachia oksijeni, shimo la jirani huwa wazi, valini ikajificha humo. Jirani naye hujichomeka kwa mwingine, na mwingine, mpaka ukajengeka ufito mrefu unaoipinda seli nzima ikawa kama mundu. Maumivu yote yale, usiku wote ule wa wazazi wodini, yanaanzia kwenye shimo unaloweza kulizungusha kwa kidole.

Ukilitazama kihandisi, uliza ungeweka kabari wapi. Ungeliziba lile shimo? Ungeizuia himoglobini isiachie oksijeni upesi? Ungeuamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya kitoto, ambayo haina kosa hilo? Njia ya tatu imefika hospitalini: Casgevy, tiba inayohariri seli za mgonjwa mwenyewe, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo. Bei yake haishikiki kwa familia zetu nyingi, kwa hiyo sentensi ya daftari bado iko wazi kwa mwenye nia.

Ukizoea hapo, nenda kwenye hazina ya AlphaFold yenye maumbo zaidi ya milioni 200. Haya yamekisiwa na kompyuta, hayakupimwa. Soma rangi zake, maana zinakuonyesha ni sehemu gani ya kuaminiwa na ipi ya kutiliwa shaka.

Ukiingia maabara

Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa mwalimu wako wa maabara atakufundisha kuliko mimi. Ila yashike haya ya floridi. Sampuli ibebwe kwenye chupa ya plastiki, maana kioo na floridi havipatani. Kipimo cha elektrodi huona floridi iliyo huru tu. Ile iliyoshikwa na aluminiamu au chuma hujificha, usipotia myeyusho wa kuiachilia utasoma namba ndogo na kufurahi bure. Pima maji safi yasiyo na floridi kila siku kabla ya sampuli. Kila kipimo kirudiwe mara tatu, na zote tatu ziandikwe kwa kalamu ya wino, hata ile iliyokuudhi. Nimewaona wanafunzi hodari wakipoteza muhula mzima kwa sababu namba iliyokataa kufanana na wenzake ilifutwa, kumbe ndiyo iliyokuwa ya kweli.

Kuomba nafasi

Marekani, shahada ya uzamivu katika sayansi na uhandisi kwa kawaida hailipiwi na mwanafunzi. Chuo hulipa ada na kumpa posho ya kuishi, na anaweza kuingia akiwa na shahada ya kwanza tu. Ulaya nafasi nyingi hutangazwa kama ajira, na mara nyingi hudai uzamili. Ukisikia wakala anataka hela ili akupatie nafasi ya uzamivu, ondoka hapo. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi mwezi Desemba, na vingi husamehe ada ya maombi ukiandika mapema kuomba. Walimu watatu wa kukuandikia barua uwajue tangu mwaka wa pili: nenda ofisini kwao, uliza maswali, jitolee kuosha vyombo vya maabara kama ndicho kilichopo. Barua ya anayekujua kwa jina na kwa kazi huonekana tangu mstari wa kwanza.

Ukimwandikia profesa wa mbali, usimtumie sifa zake mwenyewe. Soma makala yake moja hadi mwisho, chagua mchoro mmoja, uliza swali moja linalotokana na mchoro huo, kisha sema kwa mistari mitatu shida unayoishughulikia na ulichokwisha kufanya. Mwombaji anayesema "nilipima visima sita vya kijijini kwetu, na hiki ndicho kilichonishangaza" husomwa. Asipojibu, rudia baada ya wiki mbili, mara moja, halafu songa mbele.

Molekuli ikimaliza kazi

Liko swali ambalo kozi nyingi hulifikia mwishoni, nami nakuomba uliweke mwanzoni: kazi ikiisha, molekuli itakwenda wapi? Mwaka 1938 Roy Plunkett alikuta ndani ya mtungi wa gesi unga mweupe unaoteleza, ambao baadaye uliitwa Teflon. Elementi ni ileile iliyomo kwenye floridi ya maji ya Meru, ila humo imefungamana na kaboni kwa nguvu ambayo bakteria, jua na maji haviiwezi. Ukoo mzima wa kemikali za namna hiyo ukatengenezwa kwa makoti ya mvua, vifungashio na povu la kuzimia moto. Zilifanya kazi vizuri, na leo zimo kwenye mvua na kwenye damu za watu kwa sababu hazivunjiki.

Mkaa wa mifupa nao una mwisho wake. Kila hidroksidi inayotoka ni nafasi moja imekwisha, na siku moja maji yanakuwa yanapita tu. Chenga zinaweza kufufuliwa kwa kostiki soda, ambayo hidroksidi zake nyingi huzisukuma floridi zitoke. Lakini mwenye ndoo atajuaje kwamba siku hiyo imefika? Floridi kwa viwango hivi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Chujio lililochoka na chujio jipya hutoa maji yanayofanana kabisa, na mtoto huendelea kuyanywa. Rangi zinazoitambua floridi zipo maabara, ila nyingi zinataka asidi kali na mkono uliozoea. Kinachotakiwa ni kitu cha bei ya kiberiti, kinachobadilika rangi floridi inapovuka miligramu 1.5 kwa lita, kisichodanganywa na chumvi nyingine zilizomo kwenye maji ya volkano, na kinachosomeka kwa macho kwenye mwanga wa jikoni. Kama bado hujapata sentensi ya kuandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako, chukua hiyo.